Kabureta Niliyoisifu Kanisani

Hapa Keroka, ukitaka kujua thamani ya spea ya gari la zamani, unaniuliza mimi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijigamba hadi Jumapili ya mavuno.

Kanisani kwetu kulikuwa na mnada wa vitu vilivyoletwa na waumini, ili tupate pesa za mabati, kwa maana paa lilikuwa linavuja. Katikati ya mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu, nikaona kabureta kubwa inang'aa. Mchungaji akaniomba niwaeleze watu ni kitu gani, nami sikungoja kubembelezwa.

"Hii ni ya gari la Kimarekani, yale ya injini ya silinda nane yanayonguruma kama simba!" nikasema. "Hazitengenezwi tena. Mjinga tu ndiye anayeweza kuitupa."

Kumbe nimeisifu kupita kiasi. Kila mtu akaitaka. Bei ikapanda, nami kwa tamaa ya kwenda kuiuza Nairobi nikapanda nayo mpaka wenzangu wote wakanyamaza. Makofi yakalia. Mabati yamepatikana, na mvua ijayo haitatunyeshea tukiomba. Nikaikumbatia kabureta yangu kama mtoto mchanga.

Ndipo mke wangu akasimama upande wa akina mama, uso wote tabasamu.

"Baba Moraa, kumbe ni ya maana hivyo? Si ni kile chuma cha nyuma ya choo ulichoniambia nitupe? Mimi nilikiosha tu na mafuta ya taa nikakileta."

Kanisa zima likageuka kumtazama yule mjinga.