Mshenga wa Wagonjwa wa Saratani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kimoja cha afya upande wa Sanya Juu, mganga mfawidhi alinionyesha benchi la nje. "Ofisa ustawi, ofisi yako ndiyo hii. Wagonjwa wakitoka kwangu hawakumbuki nilichowaambia. Utakumbuka wewe kwa niaba yao." Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Kwa neema ya Mungu niliketi kwenye mabenchi ya namna hiyo hadi nilipostaafu. Ofisa ustawi wa jamii hospitalini hukaa na mgonjwa na ndugu zake baada ya daktari kumaliza, akawafafanulia walichoambiwa na kuwakutanisha na wenzao waliokwisha kupita njia hiyo.

Nilipohamishiwa Moshi mjini, kitengo cha saratani, nilijifunza maneno mapya. Kinyama ni kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe kikapimwe maabara. Tibakemikali ni dawa zinazopitishwa mshipani kuua seli za saratani. Tiba shufaa ni huduma ya kutuliza maumivu na kuishika mkono familia, nayo yaweza kuanza mapema, sambamba na matibabu mengine. Neno hilo la mwisho nusura litupotezee mama mmoja.

Mama Eliakimu wa Kirua Vunjo alikuwa na saratani ya titi. Daktari bingwa alimpangia tibakemikali, na kwa kuwa maumivu yalimnyima usingizi, akamwandikia na tiba shufaa. Siku ya dawa ilipofika hakutokea. Muuguzi mkuu wetu akaniita.

"Mwanawe hapokei simu. Panda huko. Na usiende kuhubiri, nenda ukasikilize kwanza."

Nilimkuta Eliakimu kihambani, kati ya migomba na kahawa, akimkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, mama. Kama umekuja kumchukua mama yangu, rudi tu. Mmemwandikia tiba ya kufa."

"Shufaa, mwanangu."

"Shufaa, kufa, si ni mlemle! Ukishapewa hiyo, madaktari wamenawa mikono."

Mama yake, aliyeketi mlangoni, akadakia, "Na mimi ndizi zangu hazijakomaa. Nife niwaachie ngedere?"

Nilikaa. Nilimsikiliza Eliakimu mpaka chai niliyokaribishwa ikaisha, kisha nikamuuliza, "Ulipokwenda kuposa, ulienda peke yako?"

"Hapana. Nilikuwa na mshenga."

"Ulimwita baada ya kukataliwa?"

"Aa! Tangu siku ya kwanza."

"Na aliyeoa ni yeye?"

Mama yake akaangua kicheko. "Huyu? Alivyokuwa anatetemeka, bila mshenga angeposa mbuzi!"

"Basi shufaa ni mshenga," nikasema. "Haichukui nafasi ya matibabu, inafuatana nayo. Inatuliza maumivu ili mama apate nguvu ya kufika kwenye dawa. Kupona siwezi kukuahidi, hilo liko kwa Mungu. Ila ugonjwa haungoji sisi tumalize kubishana."

Eliakimu aliweka panga chini. "Mama, unasemaje?"

"Kumbe naulizwa!" akajibu, akaingia ndani kutafuta kitenge chake.

Alimaliza mizunguko yote ya dawa, kisha akafanyiwa upasuaji. Si wote niliowahudumia waliofika hapo, lakini namshukuru Mungu kwamba wengi hawakutembea peke yao. Vijana mnaoshika kazi hii, mgonjwa asipokuja msimwite mkaidi. Ulizeni alisikia neno gani.

Juzi nilialikwa sikukuu ya mavuno katika usharika wa Kirua Vunjo. Baada ya ibada, binti mmoja alinisogelea, macho mekundu.

"Shikamoo, bibi. Mume wangu ana saratani, ameandikiwa shufaa. Ndiyo basi tena?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Eliakimu, aliyekuwa akisubiri mkungu wa ndizi alioutoa sadaka upigwe mnada, alimvuta mkono akamkalisha kando yake.

"Tulia, mwanangu. Hebu niambie, ulipoposwa, mshenga alikuwa nani?"