Chawa wa Neema na Wifi Yangu wa Mombo

Jamani, leo nimegombana na wifi yangu na nimeshindwa kabla ya chai ya saa nne.

Asubuhi namfumua binti yangu Neema nywele, nakuta chawa. Na mayai yao.

Nikajua tu ni watoto wa wifi. Walikuwa hapa Lushoto wiki nzima, wamerudi Mombo juzi.

Nikamtumia ujumbe wa sauti: "Wifi, siku nyingine uwaangalie wanao vichwa kabla hujawapandisha huku."

Mama mkwe alikuwa pembeni anamenya viazi. (Wifi ni binti yake, nilijisahau.)

Nikamlowesha Neema nywele, nikampaka mafuta, nikaanza kuzichana na kitana cha meno membamba.

Wifi naye akajibu kwa ujumbe wa sauti, sote tukausikia:

"Pole wifi. Ila wanangu walikuja huko na vipara. Hukuviona kwa sababu ya baridi yenu, mizula yao ya sufu hawakuivua hata kulala."

Mama mkwe akaweka kisu chini.

"Neema, mpe mama yako kigoda. Mzula wako si ndio anaouvaa akienda kukamua ng'ombe?"

Hapa naandika nimeinamisha kichwa. Neema ameshika kitana, anahesabu chawa wangu kwa sauti. Kafika tisa.

Wifi anasubiri jibu. Nianzeje?