Siku Niliyonyoa Kiondo cha Mwaitu Syokau

Hii nawasimulia kwa sharti moja, mkicheka mcheke polepole, maana mpaka leo nikisikia kijiji chetu cha Tulia kikitajwa masikio yangu yanapata moto. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, na kina mama wa kikundi cha kusuka viondo wakanifanya katibu wao (ati mwenye digrii hawezi kuharibu kitu). Asubuhi hiyo wageni wa Nairobi walikuwa wanakuja kuchagua kiondo kimoja cha kupeleka maonyeshoni, na kila mtu alijua kitakuwa cha Mwaitu Syokau (kwetu mama wa umri huo ni Mwaitu), aliyekisuka miezi minne kwa katani aliyoisokota pajani mwake na kuitia rangi ya magome ya miti.

Alipoenda kunawa nikabaki nacho. Kwenye mdomo wa kiondo nyuzi zilining'inia kama ndevu za mbuzi, nikawaza, wageni watasema Wakamba hawajui kumaliza kazi, na katibu ni mimi, nikachukua makasi nikakata uzi mmoja, wa pili ukaonekana mrefu, nikaukata, upande mmoja ukapinda, nikasawazisha, nikasawazisha tena (mnamjua kinyozi aliyekosea), mpaka kiondo kikawa kipara.

Wageni wakaingia. Mwaitu akakiinua, akapapasa mdomo wa kiondo.

"Nani amenyoa kiondo changu?"

"Ni mimi, Mwaitu. Nilikuwa naondoa uchafu."

"Uchafu? Hizo ndizo nyuzi za kufungia mdomo, mwanakwa! Nilitaka nizifunge wageni wakiona."

Mgeni mmoja akakipokea, akakishika ukingoni, na safu za juu zikaanza kuteleza mkononi mwake, moja baada ya nyingine.

"Kumbe huko chuoni mlisomea kunyoa?" mama mmoja akauliza, wenzake wakaangua kicheko.

Mwaitu hakucheka. Aliketi chini, akafumua urembo wote mwekundu wa juu, kazi ya mwezi mzima, ili apate urefu wa kufungia. Alipomaliza, kiondo kilikuwa kama bakuli. Wageni walikisifu kwa adabu, wakachagua cha mwingine.

Nilipoomba msamaha alisema, "Mkono wako sina kesi nao. Mdomo unao, na hukuniuliza."

Tangu hapo mimi huuliza, hata pasipo na haja ya kuuliza, na watu wananiona mjinga. Afadhali.