Begi la Wageni

Shosho mmoja, bibi mzee aliyekuwa akiuza makaa Silanga, alitaka kitu kimoja tu kutoka kwangu: picha akiwa anacheka. Alikuwa amepigwa picha nyingi, na wageni wanaokuja Kibera na kamera, na katika zote ameshika tama. Wao humwambia atazame bwawa lililo kando ya mtaa, afikirie shida zake. Siku moja mtu alimletea kalenda ya ofisi fulani, naye ndani yake, mwezi mzima amenuna. Na huyo ni mwanamke ambaye akicheka, wauza sukuma wa ng'ambo ya mtaro hugeuka kuona kuna nini. Sasa alikuwa anarudi Kitui kabisa, kwa wajukuu wasiomjua vizuri, na alitaka kuwatundikia ukutani uso wake wa kweli. Nikamwambia hilo ni dogo, kabla hujaondoka utakuwa nayo.

Ningeitimiza ahadi hiyo vizuri kabisa kama si begi.

Wakati huohuo kampuni moja ya matembezi ilikuwa imeniajiri nipige picha za watu wanaolipa ili wakachoke milimani. Mwenye kampuni hakutazama picha zangu kwanza. Alitazama begi langu. Alilishika kwa vidole viwili, akalirudisha chini, akaniambia kwa upole wa kuudhi kwamba wateja wake hawawezi kuongozana na mpiga picha aliyebeba nepi.

Ni kweli lilikuwa begi la nepi. Mwanangu alipoziacha, nilikata kipande cha godoro kwa kisu cha jikoni, nikakitandika ndani, nikazungushia leso kuukuu. Kamera ilikaa katikati, lenzi zikakaa pembeni, mlemle zilimokuwa chupa za maziwa. Linafunguka juu, mkono unaingia na kutoka, basi. Kwa nje lina dubu waliochujuka. Mtaani kwetu kila mpiga picha mwenye akili zake ana maficho ya namna hiyo. Jirani yangu pale Kongo, Kawangware, hubeba kamera yake katika mfuko uliowahi kubebea omena, na harufu ndiyo askari wake. Mimi nimepita Kibera yote na dubu wangu, kutoka kijiji cha Raila mpaka Silanga, na hakuna aliyewahi kuniuliza nimebeba nini, isipokuwa mama mmoja aliyeniomba nepi.

Lakini bosi ni bosi. Nikaenda mjini, katika duka ambalo mabegi hutundikwa na kumulikwa taa kama nyama buchani. Muuzaji, kijana mwenye viatu vya kupanda milima na ambaye nadhani alikuwa hajapanda hata ngazi za jengo lile, alinionyesha kila zipu. Hapa pa maji, na mrija wake wa kunyonyea. Hapa pa stendi ya kamera. Hapa mkanda wa kiunoni, hapa wa kifuani, na kwenye ule wa kifuani kuna filimbi.

"Filimbi ya nini?" nikauliza.

"Ukipotea huko bush, unapuliza."

Mimi nimezaliwa Kawangware. Nikipotea nauliza njia.

Kisha akachomoa chini ya begi koti la mvua, la rangi ya chungwa inayoumiza macho. Begi lina koti la mvua, mimi mwenyewe sina. Na ili utoe kamera lazima ulivue begi lote, ulilaze kifudifudi kwenye tope, ufungue mgongoni. Kufika hapo ndege uliyetaka kumpiga ameshataga na kulea. Nilimweleza hivyo. Akanijibu kwamba hivyo ndivyo wataalamu wanavyopenda. Nikalichukua, kwa sababu kazi niliitaka, na wateja wa matembezi walilisifu njia nzima kana kwamba ndilo linalopiga picha.

Tulikuwa tukishuka kutoka milimani, mvua imetunyeshea, shosho aliponipigia simu. Lori la kumhamisha limekuja mapema, wanapakia. Sikuwa na muda wa kupitia Kawangware kubadilisha begi. Nikaenda moja kwa moja, na buti zangu, na lile koti la chungwa mgongoni.

Nilijua nimekosea kabla sijafika kwenye makaa. Wanawake walikuwa wanatoka mashambani kando ya bwawa wakijipangusa mikono. Mmoja alimvua mtoto wake sweta zuri, akalificha. Wakakaa chini, mstari ulionyooka, nyuso zimeshuka. Mtaani kila mtu anajua begi kama lile linakuja kufanya nini: linakuja kuandikisha wenye shida wapewe msaada.

"Mnaandika kwa nyumba ama kwa kichwa?" mmoja akaniuliza.

"Siandiki mtu. Mimi ni wa hapo Kawangware, nimekuja kupiga shosho picha."

"Wote husemanga hivyo," akasema, na akajisogeza mbele kidogo.

Shosho alinitambua. Alisimama mbele ya lori, kitambaa kipya kichwani, midomo imeshaanza kufunguka. Nililaza begi kwenye tope, nikafungua mgongo wake, nikatoa kamera. Nilipoinua macho, yule mama aliyeniuliza alikuwa amemshika shosho mkono.

"Shosh, usicheke! Ukicheka watasema hapa hakuna shida, na wewe unaenda. Sisi tutabaki."

Nikaapa. Nikamtaja marehemu mama yangu. Nikataja na lile begi la dubu, wakatazamana. Nililivua begi koti lake, nikalisukuma kwa mguu nyuma ya magunia, na wote wakalifuata kwa macho. Nilikasirika, kweli nilikasirika. Nilitaka kuwapigia kelele waende makwao, kisha nikakumbuka kwamba pale ndipo kwao.

Shosho aliwatazama majirani zake. Wamekaa naye miaka, wamemwazima kiberiti na chumvi, wamemsaidia kupakia kila gunia lililokuwa kwenye lori lile. Akanitazama mimi.

"Piga tu," akasema.

Akaketi kwenye gunia. Akashika tama. Hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kukaa. Mkono ulikwenda wenyewe. Nyuma yake ule mstari ukainamisha vichwa kwa pamoja. Nilijaribu kumchekesha kwa kila kichekesho nilichokijua na hakutingisha hata nyusi. Dereva alikuwa anapiga honi, nikapiga picha, akapanda.

Niliichapisha kwa sababu nilikuwa nimeahidi, nikaituma kwa gari la Kitui. Bosi wangu, alipoiona kwenye simu yangu, aliniambia ndiyo picha yangu bora kabisa, na kwamba tofauti ya begi inaonekana.

Baadaye shosho alinipigia. Picha imefika, imetundikwa ukumbini. Nilimwuliza wajukuu wamesemaje.

"Wanauliza," akasema, "hiyo siku tulikuwa tumezika nani."