Nukta Tatu za Madigadi ya Kushoto

Mume wangu Lupakisyo hakuogopa nyoka wa kwenye mkonge, wala Mto Mkondoa ukifurika. Alichoogopa ni karatasi yenye muhuri. Baba yake alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge Kimamba, yeye akazaliwa kambini, akajifunza ufundi chini ya matrekta ya shamba. Darasa la nne, basi. Lakini gari likikohoa, alijua linaumwa wapi kabla dereva hajashuka.

Shamba lilipochukuliwa na umma, meneja mzungu aliacha gari lake la Kimarekani, refu kama jeneza la tembo. Juu ya madigadi za mbele, yale mabati yanayofunika magurudumu, kila upande, lilikuwa na vitundu vitatu vinavyomtazama dereva. Akiwasha taa kubwa, nukta moja inang'aa. Taa ndogo, ya pili. Indiketa, ya tatu. Anajua taa zake ni nzima bila kushuka. Na njia ya Kilosa kwenda Mikumi, nyati kasimama katikati ya barabara, nani anataka kushuka?

Mwaka 1983 nukta za kushoto zikafa zote tatu. Na mwaka wenyewe ndio ule wa kusaka wahujumu uchumi, wanaoficha bidhaa. Watu walimwaga sukari mtoni wasikutwe nayo. Jirani yetu Costancia alifukia miche ya sabuni, kisha akasahau alipoifukia, akabaki anafua kwa maji matupu.

Taa zenyewe ziliwaka. Nukta tu ndizo kimya. Lupakisyo akaona nyuzi nyembamba zilizovikwa mpira mweusi, zinatoka kwenye taa kwenda juu ya madigadi. Fundi akiona kitu cheusi chembamba ndani ya gari, kwake ni waya. Akajaribu kama zina umeme: hakuna. Akazikata, aone kasoro iko wapi. Ndani hakukuta shaba, alikuta kitu kama mshipi wa kuvulia samaki. Hapo jasho likamtoka. Akasokota ncha na kuzifunga tepu, kama alivyofunga nyaya miaka ishirini.

Meneja wetu mpya, Ndugu Vitalis, kijana wa chuo, akafungua boneti akaikuta tepu. Siku hiyo hata shikamoo hakutoa.

"Nyaya zilizokuja na gari ziko wapi?"

"Ni hizo hizo, Ndugu Meneja."

"Hizi? Huu si mshipi? Umetoa shaba ya umma, ukaweka mshipi. Shaba umempa nani?"

"Haki ya Mungu, sijampa mtu."

"Ijumaa saa sita nakagua. Jioni mgeni wa wizara anakwenda Mikumi. Nukta zisipowaka, hii inakwenda polisi." Akamwonyesha barua. Muhuri ulishapigwa.

Alhamisi mchana Lupakisyo akaja nyumbani na nyuzi zile ndani ya gazeti, azichunguze kwa utulivu.

"Baba Raheli, umeniletea mali ya umma ndani?" nikamwambia. "Si bora ungeleta chui!"

"Kule gereji wananitazama, mama Raheli."

Kabla sijamjibu, gari likaunguruma nje. Land Rover. Hatukungoja kujua la nani. Alinitupia nyuzi, nikazisukuma chini ya mchele niliokuwa nachambua kwenye ungo. Tukakaa kama maiti wawili. Gari likapita, likaenda zake.

Nilipoinama kuzitoa, nikaona kitu kati ya punje: nukta nyeupe, inang'aa. Ncha ya pili ya uzi ilikuwa imeangukia kizingitini, juani. Nikaiziba kwa kidole, nukta ikafa. Nikaiachia, ikafufuka.

"Baba Raheli, huu hauchukui umeme. Unachukua mwanga. Wewe umeufunga kitambaa machoni, halafu unauliza kwa nini hauoni!"

Akazinyakua nyuzi, akakimbia na kiatu kimoja.

Chanzo cha yote kilikuwa vumbi. Nyuzi zilikuwa zimechomoka nyuma ya taa, ncha zikazibwa na udongo. Alizisafisha kwa pamba na spiriti, akazikata upya kwa wembe zikawa bapa, akazikutanisha uso kwa uso ndani ya mirija ya wino wa kalamu za biki.

Ijumaa saa sita, jua la utosi, nami nimesimama pale gereji, meneja hakuona kitu.

"Hakuna."

"Zipo, Ndugu Meneja. Jua ndilo linazimeza." Sauti ya mume wangu ilikuwa kama ya mgonjwa. Nikavua khanga yangu ya juu, nikawafunika wote wawili palepale walipoinamia madigadi. Watu wa gereji wakaziba vinywa. Kisha sauti ya meneja kutoka ndani ya khanga:

"Zinawaka."

Alitoka analowa jasho, barua akairudisha mfukoni, hakuichana. "Utakwenda nalo mpaka Mikumi. Zikizimika njiani, usirudi hapa."

Dereva Kasiani ndiye aliyenisimulia. Twiga walivuka, mume wangu hakuwaona. Mgeni alimsemesha, hakujibu. Macho kwenye nukta, midomo inahesabu: moja, mbili. Indiketa ikipigwa, tatu. Walipofika Mikumi mgeni akashuka, na Kasiani, kama dereva yeyote, akazima taa, nukta zikafa.

Lupakisyo alipiga ukunga mpaka mgeni akaangusha mkoba.