Begi la Leseni

Ukocha wa timu ya mtaa hapa Tunduma ni kazi ya kugombana. Utagombana na wazazi, na viongozi wanaotaka mpwa wao aanze, na madereva wanaoegesha malori uwanjani foleni ya mpakani ikizidi. Mimi nilikuwa nagombana zaidi na saa. Simu zetu zikinasa mtandao wa Zambia hurudi nyuma saa nzima, na kila mchelewaji alikuwa na wimbo uleule: "Kocha, simu ilikuwa Zambia." Namjibu, "Na wewe ulikuwa huko?" Kisha anazunguka uwanja mara kumi.

Sikumwamini mtu. Hata leseni za wachezaji nilizishika mwenyewe, kwenye begi langu, na bila leseni hakuna kucheza. Nahodha wangu, fundi ujenzi wa miaka thelathini na sita, aliwahi kuniomba, "Kocha, begi likae kwangu, mimi ndiye nasafiri na vijana." Nikamwambia, "Wewe shika mwiko wako."

Mechi ya mwisho ilikuwa Vwawa, saa kumi jioni. Sare tu ingetupandisha ligi ya mkoa. Nahodha goti lilikuwa limeshamchosha, lakini alikuwa akisema, "Nicheze msimu mmoja tu wa mkoa, nipumzike kwa heshima." Timu ilitangulia asubuhi. Mimi nilibaki dukani kwangu, nauza vipuri, niwafuate kwa pikipiki. Nilipotazama simu mezani ilikuwa saa nane na nusu. Nikamalizia chai yangu taratibu, nikafunga duka.

Nilipofika Vwawa nikakuta watu wanatoka uwanjani. Nikatoa simu. Ilishaachana na Zambia huko njiani, imejirekebisha yenyewe: saa kumi na moja kasorobo. Ilikuwa imepigwa mara kumi na saba, na kwa kelele za pikipiki sikusikia hata mara moja. Mwamuzi alisubiri nusu saa, akawapa wenzetu ushindi wa mezani. Yarabi!

Kutoka getini nilishatunga uongo wa pancha. Nilipowaona wamekaa chini na jezi zao safi, ukanishinda. Nikasema, "Simu ilikuwa Zambia. Nimekosa mimi." Golikipa akanitazama, akatema mate pembeni, akaondoka. Sikumlaumu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Nahodha ndiye aliyekuja kwangu.

"Kocha, naomba leseni yangu."

Nikadhani anataka kumpelekea kamisaa wa mechi. Nikamwambia, "Ndugu yangu, wameshaamua, haisaidii tena."

"Najua. Nataka watoto wangu waione. Msimu mwingine mimi simo."

Nilihangaika na zipu ya begi mpaka ikakubali. Akaipokea kwa mikono miwili, akaifuta vumbi kwa jezi, akaniambia ahsante. Kisha akakaa kwenye nyasi kufungua viatu.