Bibi Harusi Kwenye Kiti cha Meno

Kazi yangu ni kusafisha meno. Kung'oa na kuziba ni kwa daktari. Mimi nakwangua ugaga, nasugua madoa ya chai na tambuu, nafundisha watu kupiga mswaki. Katika kliniki yetu ndogo pale Usagara wagonjwa huniita daktari hivyo hivyo, nami nimechoka kuwasahihisha.

Jumatatu moja alikuja binti kutoka Ushongo, ameletwa na shangazi yake. Ijumaa ya wiki ile alikuwa anaolewa.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mwali nataka akicheka watu waone nuru. Singo ya mwili tumeshaanza kumsugua, yamebaki meno."

Nikamwomba shangazi asubiri nje, nikamlaza binti kwenye kiti. Fizi zake zilikuwa zimevimba. Ukizigusa tu, zinavuja damu. Nilikuwa nakwangua magego ya chini kwa kifaa chenye ncha iliyopinda kama ndoana, alipopata maumivu akageuza kichwa ghafla. Ncha ikateleza, ikanichoma kidole cha mkono wa kushoto. Nikaona doa jekundu linatanuka ndani ya glavu.

Nilivua glavu, nikaweka kidole bombani, nikaosha kwa sabuni. Chuoni tulifundishwa: usikamue, usifyonze, osha, kisha toa taarifa. Kukariri kulikuwa rahisi. Siku ile maji yalitiririka nami sikumbuki niliyafunga saa ngapi.

Nilipotoa taarifa, daktari wetu aliniita pembeni. "Mwombe apime damu. Akikataa hatumlazimishi. Kwa vyovyote, wewe nenda hospitali leo leo ukaanze dawa za kinga."

Nikarudi, nikakaa karibu na binti.

"Mdogo wangu, kifaa kimenichoma kikiwa na damu yako. Naomba tukupime virusi vya ukimwi na homa ya ini. Majibu ni yako, hataambiwa mtu mwingine."

Macho yake yakaenda mlangoni. Shangazi alisikika akibishana kwenye simu juu ya wapambaji.

"Siwezi, dada. Shangazi ataniuliza. Na kama..." Hakumalizia. "Ndoa ni Ijumaa. Nisamehe."

Hospitalini walinipima mimi kwanza, wakanipa vidonge vya kumeza mwezi mzima. Lakini nililorudi nalo nyumbani Nguvumali ni lile neno lake: na kama. Na kama nini?

Jioni nilimweleza mume wangu. Aliacha kula.

"Mtu asiye na jambo hukataa kupima?" akauliza.

"Huenda anaogopa tu."

"Na wewe je?"

Vidonge vilinitia kichefuchefu; asubuhi mume wangu alinipikia uji wa ndimu, akakaa kunitazama mpaka nikamaliza. Mwanetu wa miaka minne, kwa mchezo wake wa siku zote, alitaka kuning'ata kidole. Nikauvuta mkono kwa nguvu hata akalia. Kazini nako kila fizi iliyovuja damu ilinifanya nisimamishe kazi. Nilikuwa nawaambia wagonjwa "Tulia!" kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu.

Alhamisi binti alikuja peke yake, hina imempanda hadi viwiko. Alifunga mlango wa chumba changu, akanionyesha majibu kwenye karatasi iliyokunjwa kunjwa.

"Nimepima, dada. Niko salama."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Ndipo nilipoona kwamba yeye hacheki.

"Kuna nini?"

"Nilimwomba na mwenzangu apime. Anasema tutapima baada ya ndoa."

"Na ndoa ni kesho."

"Ni kesho. Wapishi wameshafika."

Hofu iliyokuwa yangu sasa niliiona usoni kwake, nami sikuwa na kidonge cha kumpa. Nilitaka kumwambia asiolewe. Lakini mimi ni nani kwao? Nikamuuliza kama shangazi anajua. Akatikisa kichwa.

"Basi mwambie," nikasema. "Mwambie kabla hujavishwa nguo za harusi."

Aliniachia ile karatasi niipeleke hospitali, akatoka. Daktari wa hospitali alipopata majibu yale aliniambia niache dawa, ila nirudi kupima tena baada ya muda. Ilipasa nifurahi. Ijumaa yote nilikuwa natazama saa, nikijiuliza kama mkono wa bwana harusi umeshashikwa na ndoa kufungwa.

Zilipita wiki kadhaa kabla shangazi mtu hajaingia kliniki. Alijitupa kwenye kiti, akanikazia macho.

"Wewe ndiwe uliyetuvurugia harusi."

"Shangazi, mimi..."

"Nyamaza kwanza. Mtoto alinieleza alfajiri, analia na hina yake. Nikawaambia wanaume, ndoa haifungwi mpaka bwana harusi apime. Pilau tukawalisha majirani. Yule kijana alinuna, mama yake akanitukana matusi ya kila namna. Wiki ya pili kijana akaenda kupima mwenyewe. Mzima. Muoga tu wa sindano, mjinga yule! Wameshaoana."

Nikacheka, kisha machozi yakanitoka. Akaniacha nijifute. Kisha akavua kipini cha puani, akakishika kiganjani, akafungua kinywa. Meno yalikuwa mekundu kwa tambuu ya miaka mingi.

Nilivaa glavu mbili mbili, moja juu ya nyingine. Kipimo changu cha mwisho kilikuwa bado.

"Tafadhali, shangazi," nikamwambia, "ukisikia maumivu, inua mkono. Usigeuze kichwa."